Kupiga picha watoto wa ngoma ili ukuaji wao uonekane: jibu kwa mwalimu

Swali: "Ninafundisha kikundi cha ngoma katika shule ya msingi hapa Pwani. Watoto ni 14, wa miaka 8 hadi 13, na wanacheza sindimba, lizombe na bugobogobo. Nimekuwa nikiwapiga picha kwa simu tangu 2022, na mwaka jana nilipata kamera ya zamani yenye lenzi ya 18–55. Nikizipanga picha za miaka yote hii sioni wanavyokua. Naona jukwaa, vumbi, sura nyeusi na miguu iliyovurugika. Nifanye nini ili miaka kumi ijayo niwe na kumbukumbu ya maana?"

Mwalimu, kabla ya kugusa kamera tuangalie kwa nini huoni ukuaji. Kila picha imepigwa mahali pake, kwa umbali wake, lenzi ikiwa imevutwa kivyake, kisha ukaikata ili mtoto aijaze. Mtoto wa sentimita 125 aliyejaa kwenye picha na yuleyule akiwa na sentimita 158, naye amejaa, wanalingana kimo. Jicho haliwezi kuona kilichobadilika mpaka lipewe kitu ambacho hakikubadilika. Kwa hiyo gawa kazi yako mara mbili: picha za kipimo, ambazo unapiga mara moja kwa mwaka kwa utaratibu uleule bila kuugeuza hata kidogo, na picha za mchezo, ambazo unapiga kwa uhuru mazoezini na jukwaani. Usitegemee moja ifanye kazi ya nyingine.

Tuanze na za kipimo. Chagua wiki moja ya mwaka na uishikilie. Kwa Pwani napendekeza Julai, shule zikifunguliwa: masika yamekwisha, anga ni kavu, na watoto wengi wamerudi. Usifuate siku ya kuzaliwa ya kila mtoto. Utajikuta una mwanga wa namna kumi na nne na hakuna picha mbili zinazofanana.

Chagua ukuta mmoja usio na maandishi, ulio upande wa kivuli saa utakayopiga. Ukuta unaotazama magharibi hufaa asubuhi, unaotazama mashariki hufaa jioni. Usiwaweke watoto chini ya mwembe. Jua linalopenya majani huwatia madoa usoni, na rangi ya majani huipa ngozi ukijani ambao hautaki kutoka. Mtoto asimame mita 1 mbele ya ukuta, visigino kwenye mstari uliochorwa kwa rangi ya mafuta sakafuni. Kamera ikae kwenye stendi mita 4 kutoka mstari huo, na mahali pa miguu ya stendi nako patiwe alama tatu. Katikati ya lenzi pawe mita 1 kutoka chini, kamera imesimamishwa wima, haijainama mbele wala nyuma. Zungusha lenzi yako mpaka namba 35 (milimita), kisha bandika selotepu kwenye ringi isisogee.

Vipimo hivyo vina sababu. Ukisimama mita 2 na lenzi ikiwa kwenye 18, kichwa cha mtoto kilicho karibu na lenzi huvimba na miguu husinyaa. Mwaka ukifuata ukisogea hatua moja tu, umbo zima linabadilika na hutajua kama ni mtoto au ni wewe. Kutoka mita 4, lenzi ya 35 kwenye kamera kama yako huona kimo cha kati ya mita 2.5 na 2.7. Mtoto wa miaka 8 ataonekana mdogo, na juu yake patabaki nafasi kubwa. Iache. Fremu unaipima kwa kijana wa miaka 16 aliyeinua mikono juu, si kwa mtoto aliye mbele yako leo. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasogea ili mtoto "apendeze", na kipimo kinakufa mwaka wa kwanza.

Karibu na mtoto simamisha fimbo ya mita 2 iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa kupishana kila sentimita 10. Iwe kwenye mstari uleule wa visigino. Ukiiegemeza ukutani, mita 1 nyuma yake, itaonekana fupi kwa karibu sehemu moja ya tano na vipimo vyote vitakudanganya.

Mipangilio ya kamera weka kwa mkono: tundu la lenzi f/8, spidi ya shata (muda ambao kamera hufunguka) 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400 kwa kivuli cha wazi siku ya anga safi. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya kivuli, usiiachie kamera ijiamulie. Kamera ikiachiwa, mtoto mwenye fulana nyekundu na yule mwenye fulana ya buluu watatoka na ngozi za rangi mbili. Piga faili ghafi, lile ambalo kamera huliita RAW, pamoja na JPEG.

Kila mtoto apigwe picha nne. Ya kwanza, pekupeku, ametazama mbele, mikono imeshuka. Ya pili, upande. Ya tatu, mkao wa msingi wa ngoma mmoja utakaouchagua na kuushika. Kwa kikundi chako ningechukua mkao wa sindimba, magoti yamekunjwa na mgongo umeinama, upigwe kutoka ubavuni ili pembe ya goti na mstari wa mgongo visomeke. Ya nne, mruko mmoja. Kwa mruko badilisha kuwa f/5.6 na 1/500. Mwanga unaoingia ni uleule, hivyo ISO haiguswi.

Kuna kipimo kingine ambacho nakipenda kuliko fimbo, nacho ni kanga. Tenga kanga moja ya kikundi, ikunjwe kabatini, itoke siku hiyo tu. Upana wake ni karibu sentimita 110, na haitakua. Msichana wa miaka 8 akijifunga kifuani atalazimika kuikunja ukingo wa juu ili asiikanyage. Akifika 14, kanga ileile bila kukunjwa itaishia juu ya vifundo vya miguu. Wavulana waweke kando ya ngoma moja ya kikundi, ileile kila mwaka, mkono juu ya ngozi ya ngoma. Fimbo inampa namba mtu anayetaka namba. Kanga na ngoma zinasomwa hata na bibi yake bila kuelezwa.

Sasa, utaona nini? Kati ya miaka 5 na mwanzo wa balehe, mtoto huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Halafu huja kipindi cha kurefuka ghafla: kwa wasichana kilele chake huwa karibu na miaka 12, kwa wavulana karibu na 14, na mwaka huo mmoja unaweza kuongeza sentimita 8 hadi 10. Nyayo na miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata baadaye. Kwa mchezaji wa ngoma hilo lina gharama. Mtoto aliyekuwa hodari akiwa na miaka 11 anaweza kuonekana mzito akiwa na 13: anapoteza mizani akigeuka, mruko unapungua, misuli ya nyuma ya paja inakaza, na ule mkao wa kuinama unakuwa wa shida. Wengine huumwa chini kidogo ya goti, pale mshipa unaposhika mfupa, hasa kwenye ngoma zenye kukanyaga na kuruka. Ukiona kwenye picha ya tatu kwamba goti halikunjiki kama mwaka uliopita, mtazame mazoezini kabla hujamwita mvivu. Akiwa na maumivu, mpunguzie miruko, na yasipopungua apelekwe kituo cha afya.

Watoto walioingia kipindi hicho wapige mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Na nakusihi, usifute picha za miaka hiyo. Ndizo zinazofutwa zaidi, kwa sababu mwili haujakaa sawa na mtoto mwenyewe haya zimemjaa. Bila hizo, kumbukumbu inaruka kutoka mtoto hadi mtu mzima na njia yote ya katikati haipo.

Kukua kwa mchezaji si kimo peke yake. Ili uone uchezaji unavyokomaa, waombe kila Julai wacheze kipande kilekile cha sekunde 30 cha ngoma ileile, uwarekodi kwa video, simu au kamera ikiwa kwenye stendi mahali palepale. Tumia fremu 25 au 50 kwa sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hazitacheza kwenye video. Kisha piga picha moja ya mstari mzima kutoka pembeni, kwa 1/500. Katika picha hiyo moja tazama miguu: nani ameshatua, nani bado yuko hewani. Wa miaka 8 utawakuta macho yao yako kwenye miguu ya jirani. Mwaka wa pili au wa tatu macho yanapanda, yanamtafuta mpiga ngoma. Baadaye hayamtafuti mtu. Badiliko hilo la macho ni zuri kulipiga kuliko kiuno au mruko, na ukilijua utaanza kuliwinda.

Picha za mchezo zina shida mbili ulizozitaja, miguu kuvurugika na sura kuwa nyeusi. Kila moja ina sababu yake.

Miguu huvurugika kwa sababu shata iko polepole. Mwendo wa taratibu wa sindimba unashikika kwa 1/250. Miruko na kukanyaga kwa lizombe kunataka 1/500. Mikono ya mpiga ngoma na njuga za miguuni zinataka 1/1000. Weka kamera kwenye modi ya S au Tv, ile inayokuacha uchague spidi mwenyewe, na fokasi iwe ya kufuata. Tumia nukta ya katikati, uiweke kifuani mwa mchezaji. Ukitaka mtikisiko wa makusudi, vazi likizunguka na uso umetulia, shuka mpaka 1/30 au 1/15, na ukubali kwamba nyingi hazitafaa.

Kwa mruko, acha kupiga mfululizo ukitegemea bahati. Mtoto anayeruka sentimita 30 hukaa hewani karibu nusu sekunde, na ile sehemu anayoonekana ameelea, sentimita 5 za juu kabisa, hudumu kama sekunde 0.2. Kamera ya zamani inayopiga picha 3 kwa sekunde huacha pengo la sekunde 0.33 kati ya picha na picha, hivyo inaweza kukukosesha kilele chote. Ukisubiri umwone yuko juu ndipo ubonyeze, jicho lako na kamera vitachelewa, naye atakuwa anashuka. Sikiliza ngoma. Mruko unatoka kwenye pigo lilelile kila mzunguko. Hesabu mizunguko miwili bila kupiga, wa tatu bonyeza magoti yanapoanza kunyooka. Jembe la bugobogobo linaporushwa hewani nalo ni hivyohivyo: kwenye kilele hutulia kidogo, na hata 1/250 hulishika. Mwalimu una faida hapa ambayo mpiga picha mgeni hana, kwa sababu mapigo yote unayajua.

Sura kuwa nyeusi husababishwa na kamera kusoma anga au ukuta mweupe ulio nyuma, ikadhani mwanga ni mwingi na kuupunguza. Ngozi nyeusi inaumia kwanza. Njia rahisi ni kugeuza mahali pako, ili nyuma ya watoto pawe na miti au ukuta wa rangi iliyokolea. Ikishindikana, ongeza fidia ya mwanga kwa +0.7 hadi +1.3 na uiache anga ipotee. Ukitumia kipimo cha doa, yaani kamera ipime mwanga wa sehemu ndogo tu, kwenye uso wenye ngozi nyeusi, hapo geuza, weka karibu −1, maana kamera itajaribu kuufanya uso uwe wa kijivu na kuupausha. Kagua picha kwa kukuza macho. Ukiona nuru ndani ya jicho, umepata. Flashi ya kamera usiitumie: inawashtua watoto na kuacha mng'ao wa jasho kwenye paji la uso.

Saa nazo zina uzito. Huku kwetu karibu na ikweta, kufika saa 3 asubuhi jua limeshapanda na macho yanaingia kwenye kivuli cha paji. Mazoezi ya kupigwa picha yawe kati ya saa 12:30 na 2:30 asubuhi, au kuanzia saa 10:30 jioni. Kwenye mchanga mweupe wa pwani una bahati ya mwanga unaorudi kutoka chini na kujaza nyuso. Udongo mwekundu nao hurudisha mwanga, ila hutia wekundu mashavuni, hivyo weka mizani ya rangi kwa kupiga karatasi nyeupe kwanza.

Ndani ya ukumbi lenzi yako ya 18–55 haitoshi, na hilo halitibiki kwa ujanja. Katika ukumbi wa kawaida wenye taa, f/5 na 1/500 zitataka ISO karibu 10,000, na kamera ya zamani itakupa chengachenga tupu. Ukipata pesa ya kununua kitu kimoja, nunua lenzi ya 50 yenye f/1.8, mtumba hata. Kwa f/2 ukumbi uleule unapigika kwa ISO 1600. Taa za mirija na nyingi za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde, ndiyo sababu picha moja hutoka ya njano, ya pili ina mstari wa giza. Kwa mikao iliyotulia shuka mpaka 1/100. Kwa mwendo wa kasi piga nyingi uchague. Mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA na maonyesho ya Bagamoyo, pale TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, hukupa nafasi ya kupiga kikundi kila mwaka mbele ya watazamaji, lakini nenda kuangalia mwanga wa jukwaa siku moja kabla, na uombe ruhusa ya kukaa pembeni karibu na wapiga ngoma. Kutoka hapo nyuso zinakugeukia.

Kuhusu ruhusa nakuomba uwe mkali. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, hao wote ni watoto mpaka wafike miaka 18, na picha zao ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Andaa karatasi ya mzazi au mlezi yenye ruhusa tatu zilizotenganishwa: kupiga na kuhifadhi, kuonyesha shuleni na kwenye maonyesho, na kuweka mtandaoni. Mzazi anaweza kukubali mbili na kukataa moja. Isainiwe upya kila mwaka, na mtoto mwenyewe aulizwe kwa maneno. Akisema hapana, hapana yake ishinde saini ya mzazi, hasa miaka ile ya 12 hadi 15. Siku akitimiza 18 mpe nakala zake zote, na yeye ndiye aamue zilizobaki zifanywe nini.

Ngoma za kiuno zina heshima yake kwenye mafunzo na sherehe, lakini picha ya kiuno cha msichana wa miaka 12 iliyokatwa peke yake na kuwekwa mtandaoni ni mwanya wa watu wabaya. Piga mwili mzima, pamoja na ngoma na wenzake. Usipige kutoka chini wala kutoka nyuma ya mchezaji, wala mahali wanapobadilisha mavazi. Picha yoyote inayotoka nje ya shule isiwe na jina, nembo ya shule wala taarifa za mahali ilipopigwa, ambazo simu huziandika ndani ya faili bila kukuambia. Zima kipengele hicho kwenye kamera ya simu.

Uhifadhi ni kazi ndogo ukianza mapema. Mpe kila mtoto namba ya kudumu na utaje faili kwa mwaka, mwezi, namba na mkao: 2026-07_014_3 ni mtoto wa 14, mkao wa tatu. Majina yakae kwenye daftari lililofungiwa, mbali na picha. Watoto 14 kwa picha 4, kila faili ghafi likiwa na megabaiti 25, ni gigabaiti 1.4 kwa mwaka, kwa hiyo diski ndogo tu ya nje inabeba miaka yako kumi ya vipimo. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na diski nyingine katika nyumba nyingine. Memori kadi na flashi za USB ni za kusafirishia, si za kutunzia. Usizipitishe WhatsApp kama picha, maana huzibana. Zitume kama waraka. Kila Julai fungua diski zote mbili uone kama zinasoma. Chapisha picha ya kwanza ya kila mtoto kila mwaka, sentimita 10 kwa 15, kwenye karatasi ya studio, bila kuikata, na nyuma uandike namba na tarehe kwa penseli laini. Kamera na lenzi zikae kwenye kopo la plastiki linalobana hewa pamoja na vijifuko vya silika. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukishaota ndani kuusafisha kunagharimu.

Picha zako za tangu 2022 usizitupe. Chukua tepu upime ngoma kubwa mliyokuwa mkiitumia tangu mwaka huo, kutoka chini hadi kwenye ngozi. Tafuta kila picha ambayo mtoto amesimama wima bega kwa bega na ngoma hiyo, si mbele yake wala nyuma. Pima kwa rula kwenye skrini kimo cha ngoma na kimo cha mtoto, gawanya cha mtoto kwa cha ngoma, kisha zidisha kwa kimo halisi cha ngoma. Ikiwa ngoma ni sentimita 70, na mtoto kwenye skrini ni mara 1.8 ya ngoma, siku ile alikuwa karibu sentimita 126. Kosa la sentimita 3 au 4 litakuwepo, kwa hiyo andika neno "takriban" kando ya namba. Ukipata picha mbili za namna hiyo kwa kila mtoto, zipanue mpaka ngoma zilingane kimo kwenye skrini, uziweke sambamba, na utakuwa na miaka ya mwanzo ya kumbukumbu yako kabla Julai haijafika.